Huku Sote Salama

3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta dirishani na cherehani yako, miwani puani, unamgombeza mteja aliyenenepa baada ya kupimwa. Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Msalimie sana Baba, mwambie kile kikohozi chake cha vumbi la saruji asikichezee. Wasalimie na majirani wa mtaa wa chini, wanaoniulizia na wasioniulizia.

Tuliahidiana tusipigiane simu, kwa kuwa Bwana Uzio, mla viwanja vya watu, ana masikio kila mahali, basi dereva wa lori ndiye simu yetu. Anachelewa, lakini hakatiki katikati ya maneno.

Kazi ni ile ile, kufua mashuka ya hospitali. Chumba chetu kiko chini ya jengo, hakina dirisha, na mashine zinanguruma mpaka ukitoka nje unajikuta unampayukia mtu aliye karibu yako. Mimi nimewekwa upande wa kukunja. Shuka langu likitoka, pembe zote nne zimekutana, na msimamizi ameshaacha kulikagua rundo langu. Wenzangu wananitania, "Wewe, unakunja au unapima kiwanja?" Nawaambia niacheni, mpima ardhi hastaafu.

Chumba nakaa na mpishi wa shule, mwanamke mwema asiyejua kunyamaza. Kila Jumapili anakwenda kwenye chama cha wahamiaji, wanakutana nyuma ya duka la kinyozi. Kuna mama huko anaitwa Mama Foleni, maana kazi aliyojipa ni kupanga foleni na wageni kwenye maofisi, hata siku ambayo yeye hana shida yoyote. Mpishi ananivuta niende. Sijaenda. Unanijua. Mimi niliyemwambia Bwana Uzio usoni kwamba sitasogeza jiwe hata moja la mpaka wa mtaa wa chini, leo nikasimame kwa kinyozi niseme nisaidieni?

Ombi langu la hifadhi ya ukimbizi linashughulikiwa. Usiwe na wasiwasi.

Ila jambo moja. Barua yako iliyopita haikuwa na mstari wa Baba. Tangu nikiwa shule ya bweni, hujawahi kuniandikia bila yeye kuongeza mstari wake mmoja chini kabisa, kwa mwandiko ule wa fundi mwashi, herufi zimepangwa kama matofali. Je, amenikasirikia?

Mwanao,
Futi

*

29 Machi

Mwanangu Futi,

Marahaba, tena marahaba. Huku sote salama, hakuna aliyeumwa hata jino. Barua yako imefika na alama ya vidole vya dereva, inaelekea alikuwa anakula huku anaendesha. Nimemwonya.

Duka linakwenda vizuri. Shule zimefunguliwa na sare zimenijaa mpaka sina pa kuweka kikombe. Baba yako ni mzima wa afya. Mkono unamsumbua kidogo, uzee tu, ndiyo maana hakuandika. Akukasirikie wewe kwa lipi? Mtu mwenyewe bado anawasimulia watu jinsi ulivyoiba futi yangu ya kamba ukiwa na miaka sita ukaenda kumpima mbuzi wa jirani, ukarudi unalia kwa sababu mbuzi hakusimama wima. Jina la Futi ulijipa mwenyewe siku hiyo.

Kuhusu hicho chama cha kwa kinyozi, umefanya vizuri kutokwenda. Sisi ni watu wa kutoa. Babu yako alizikwa na koti lenye viraka na hakuwahi kumwomba mtu hata uzi. Wewe chapa kazi, nyoosha mgongo, na wakikuuliza habari za kwetu waambie ni nzuri. Mtu mwenye adabu husema nzuri kwanza, mengine baadaye.

Huyo mpishi unayekaa naye, anapika chumbani pia au anamalizia ustadi wote shuleni? Usije ukakonda. Mwanamke mrefu akikonda nguo zinamkataa, na mimi siko huko kukupunguzia.

Shangazi yako

*

2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo, ila leo nimejikaza nikuambie kitu, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaanza kugomba.

Nilikudanganya. Ombi langu halishughulikiwi. Lilikataliwa tangu Januari.

Mahojiano yalifanyika Desemba, kwenye chumba kidogo chenye meza moja na boksi la karatasi za kufutia machozi. Afisa alikuwa mpole, na mkalimani wangu alikuwa bwana mmoja mwenye koti linalomzidi. Swali la kwanza kabisa: ulipoondoka, familia yako ilikuwa katika hali gani? Nikajibu, "Salama." Shangazi, mtu akikuuliza habari za nyumbani unaanza na mabaya? Hata msibani tunasema nzuri, ndipo tunasema ila tumefiwa. Mimi nilikuwa bado navuta pumzi nifike kwenye hiyo "ila". Yeye alikwisha kuandika na kufungua ukurasa mwingine. Akauliza kama kuna aliyenidhuru. Nikasema hapana, maana watu wa Bwana Uzio walipokuja kunitafuta hawakunikuta. Akauliza ningehitaji msaada gani. Nikasema sihitaji kitu, nipeni kazi. Nilitoka pale kifua mbele, nikijua umenilea vizuri.

Jibu likaja kwamba mwombaji mwenyewe anathibitisha familia yake iko salama.

Nililikunja lile jibu pembe nne, nikalilaza chini ya godoro. Mpishi akalikuta akifagia. Hakuniambia neno, na kwa mtu kama yeye hilo lilinitisha kuliko kelele. Kesho yake nafungua mlango niende kazini, namkuta Mama Foleni amesimama kizingitini na mwavuli. Mama mnene, mfupi, viatu vya raba. Akanitolea uvivu hapo hapo. "Wewe ndiye mpima? Siku za kukata rufaa zinakwisha, wewe unakunja mashuka! Vaa viatu twende."

Nikavaa. Ungemwona na wewe ungevaa.

Nje ya ofisi ya hifadhi kuna bwana anauzia watu hadithi. Ya vita, ya ndoa ya kulazimishwa, unachagua, unaikariri. Alipotujia, Mama Foleni akamkata kabla hajafungua mdomo. "Huyu hadithi anayo yake, na inamtosha." Akanipandisha ghorofani, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba ya jirani, ambako kila Jumatano kuna wakili anayewasaidia watu kama sisi bila malipo. Ni mwanamke mfupi, begi lake kubwa kuliko yeye. Alisikiliza kila kitu, mawe ya mpaka, Bwana Uzio, wale watu waliokuja nyumbani. Amekubali kuisimamia rufaa. Akaniambia nilete chochote kutoka nyumbani kinachoonyesha hatari.

Nikampelekea barua zako, nimezifunga na ule utepe wa kutarizia ulionipa. Nilijivuna, Shangazi, kuwa na fungu kubwa vile. Mkalimani akaanza kusoma. Huku sote salama. Duka linakwenda vizuri. Hakuna shida yoyote. Salama. Salama. Wakili akaweka kalamu chini. "Barua nzuri sana hizi," akasema. "Nikizipeleka kwa jaji zitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege."

Rufaa itasikilizwa tarehe ishirini Agosti. Nikishindwa nitarudishwa, na unamjua atakayenipokea. Kwa hiyo nakuuliza, na nakuuliza kwa heshima. Kuna jambo hukuniambia?

Futi

*

5 Juni

Futi,

Marahaba. Huku sote salama.

Nimesoma barua yako mara moja, sitaisoma tena. Unataka niandike nini? Nilielie kwenye karatasi asome mtu nisiyemjua, mwenye koti linalomzidi? Familia hii haijaanika nguo za ndani barabarani na haitaanza kwangu. Ungemwambia huyo wakili ulichofanya, kwamba ulisimama imara wakati wanaume wenye vitambi walikuwa wanatetemeka. Hilo halitoshi? Huko wanataka mpaka mtu atambae ndipo wamwamini?

Baba yako anakusalimu. Mkono bado. Dereva anapiga honi, ana haraka zake.

Shangazi yako

*

30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Vipi hali zenu? Mimi nina afya, na mpishi anakusalimu. Anasema mwambie hapiki chumbani kwa sababu siku nzima amekwisha kugombana na masufuria ya shule.

Barua yako ya hasira nimeipata. Niliposoma nilicheka kidogo halafu nikalia, maana nilikusikia sauti. Halafu nikamuuliza dereva, nikiwa sina nia mbaya yoyote, "Shangazi ulimkuta dukani?" Akatazama viatu vyake. Akasema, "Duka lipi, dada?" Nikamuuliza tena. Akasema yeye mambo ya watu hayamhusu, ila barua huwa anazichukua mji mwingine kabisa, jikoni kwa wifi yako.

Sikulaumu. Nitakulaumu vipi, na mimi nilifanya hivyo hivyo? Wewe umekaa jikoni kwa watu unaniandikia duka linakwenda vizuri. Mimi nimelalia barua ya kukataliwa nakuandikia linashughulikiwa. Mpishi anasema angetufungia chumba kimoja mimi na wewe, tungekufa njaa wote wawili, kila mmoja akisema ameshiba.

Hatimaye nimekwenda kwa kinyozi. Nilidhani nitakuta watu wameinamisha vichwa. Nimekuta kelele, watu wanabishana nani alete viti. Halafu mmoja mmoja anasimama na kusema lililompata na anachohitaji. Kinyozi mwenyewe, mtu wa miraba minne, alisimama na mkasi mkononi akaeleza jinsi walivyomtoa kwake na alivyovuka na wanawe, na sauti haikutetemeka. Alipomaliza, fundi umeme akasema, "Mimi nilikuwa na kesi kama hiyo, njoo nikuonyeshe tulivyofanya." Hakuna aliyemhurumia. Walimsikiliza kama mtu anayesikiliza kikao cha ukoo, na mwenye cha kutoa akatoa. Nimejiuliza kwa nini nilikataa kwenda muda wote ule. Nilikuwa naogopa kitu ambacho hakikuwepo.

Na mimi nimepewa kazi. Niliona wageni wapya wanapotea, maana ofisi ya hifadhi ina milango mitatu na wa kweli ni ule wa nyuma, kando ya mapipa ya taka. Nikawachorea ramani. Kituo cha basi, mlango, dirisha la kuanzia, ngazi za maktaba, chumba cha wakili. Imebandikwa ukutani kwa kinyozi, kwa vipimo kamili. Juzi mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliifuata kwa kidole mpaka mwisho, akasema, "Aliyechora hii anajua kazi." Nilikuwa nyuma yake. Usiku huo nilikula sahani mbili.

Shangazi, nilipokataa kusogeza mawe, uliniita ukasema nimekuheshimisha. Nakukumbusha tu kwamba sikuwa nimeshinda siku ile. Nilikuwa nimefukuzwa kazi na naogopa. Heshima ilikuwa wapi basi, kama si kwenye kusema kweli mbele ya mtu mwenye nguvu? Aibu ya walichowafanyia ni ya Bwana Uzio. Mmembebea muda mrefu, mpeni mwenyewe abebe.

Wakili anasema maelezo yako yatasomwa faraghani, hayatatoka nje ya chumba cha jaji. Ukikataa sitakuuliza tena, na nitaendelea kukuamkia kila mwezi popote nitakapokuwa. Lakini yasipofika kabla ya tarehe ishirini Agosti, sina kingine cha kushika.

Mwanao,
Futi

*

24 Julai

Futi,

Leo sikusalimii kwanza. Nisamehe. Nikianza kusalimia nitaandika salama, halafu nitakwama hapo.

Hatuko salama. Hatujawa salama tangu Januari.

Ilikuwa wiki ya kufungua shule, asubuhi ya saa nne, na mwalimu wa watoto wadogo alikuwa amesimama katikati ya duka, mikono juu, nampima kifua. Wakaingia wanaume watatu. Mmoja namjua, ndiye anayemfungulia Bwana Uzio mlango wa gari. Wakauliza uko wapi, na ziko wapi karatasi zako za vipimo vya mtaa wa chini. Nikawaambia umekwenda mahali ambapo bwana wao hana waya wa kutosha kuzungushia uzio. Ndiyo, nilisema hivyo. Futi ya kamba ilikuwa bado shingoni mwangu na sikuivua.

Wakamwaga mafuta ya taa juu ya vitambaa. Mwalimu alinivuta nje kwa nguvu, maana mimi nilikuwa nimeshika cherehani. Ile nyeusi, ya mama yangu. Sikuipata.

Baba yako alikuwa anajenga ukuta mtaa wa pili. Alikuja mbio na mwiko mkononi. Sitaki kuandika sehemu hii, lakini wakili wako anahitaji, basi aisome. Walimlaza chini mbele ya watu, wakamwekea mkono wa kulia juu ya tofali, wakautwanga kwa nyundo yake mwenyewe. Walisema ni salamu zako. Tabibu wa zahanati aliyemfunga ameandika alichokiona, karatasi yake nimeiambatanisha. Vidole vitatu havikunjiki tena. Mwiko hashiki. Kalamu hashiki. Ndiyo maana hukuona mstari wake, na ndiyo maana nilisema uzee. Yeye ndiye aliyeniomba niseme uzee.

Tulihamia kwa wifi yangu wiki ile ile. Nashona kwa mkono, jikoni kwake, wakati sufuria ziko juu ya moto. Hana neno baya nami, ila ananiuliza kila siku kama nimeshiba, na kila siku nasema ndiyo.

Haya, nimesema. Sasa nikuambie la pili, ambalo sikulitarajia.

Nilipomaliza kuandika hayo ya juu, kabla sijaifunga barua, nilimwambia dereva apite mtaa wa chini, amweleze yule mjane wa nyumba ya kona kwamba kesi yako inahitaji ushahidi. Basi tu, nilidhani labda ataweka sahihi yake. Siku ya pili nasikia hodi. Mjane yuko mlangoni. Nyuma yake muuza mkaa. Nyuma yake mwalimu mkuu wa zamani na fimbo yake, na yule mwalimu niliyekuwa nampima. Walikuja na basi la asubuhi, wakaendelea kuja mpaka adhuhuri, wifi akaishiwa vikombe. Nikawaambia, "Jamani, Bwana Uzio akijua mmeandika, mnafahamu atakachofanya?" Muuza mkaa akasema, "Mama Fundi, yule binti alisimama peke yake kwa ajili ya viwanja vyetu. Sisi tulikuwa tumejifungia ndani. Nipe kalamu." Wasiojua kuandika wameweka kidole gumba. Mwalimu mkuu alisimamia zoezi zima kana kwamba ni mtihani wa taifa.

Na mawe yako, Futi, yapo pale pale ulipoyaweka. Wanawake wa mtaa wa chini wanayapaka chokaa kila mwezi ili kila mpita njia ayaone, na hakuna aliyethubutu kuligusa hata moja. Mjane ameniambia nikuandikie hilo kwa herufi kubwa. Sina herufi kubwa, ila umesikia.

Nilidhani kusema tuliumizwa ni kusema tumeshindwa. Nimeandika yote, nimesoma tangu juu mpaka chini, na sikuona mahali tulipopiga magoti. Msomee jaji wako. Asome taratibu.

Shangazi yako

*

29 Agosti

Shangazi yangu, Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeshinda. Nilitaka kuanza na salamu za kila mtu, lakini nakujua, utaruka mistari kutafuta jibu, basi jibu ndilo hilo. Nimepewa hifadhi. Hawatanirudisha.

Sasa kaa vizuri nikueleze.

Barua yako ilifika siku chache tu kabla ya kesi. Niliisomea kazini, nimekaa juu ya kapu la mashuka machafu. Nilipofika kwenye mkono wa Baba, nililia kwa sauti, na kwa vile mashine zinanguruma hakuna aliyesikia isipokuwa msimamizi, akanipa shuka safi nijifute uso. Shuka zima.

Wakili alisomewa yote na mkalimani. Halafu akaniambia nimrudishie lile fungu la zamani, zile barua za salama. Nikamwuliza za nini tena, si alisema zitanisindikiza uwanja wa ndege? Akatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza nimeona meno yake.

Chumba cha jaji ni kidogo kuliko nilivyodhani, saa ya ukutani na bilauri za maji. Jaji ni bibi mwenye mvi. Akaanza na swali karibu lile lile: nyumbani, familia yako iko katika hali gani? Mkalimani akalitafsiri, halafu akanitazama. Nikajibu, "Mbaya." Shangazi, neno hilo lilikuwa zito mdomoni. Sijawahi kumjibu mtu hivyo maishani mwangu, nusura nimwombe radhi. Lakini aliinua kichwa na kuniambia niendelee, nami nikaendelea mpaka nikamaliza.

Halafu wakili akasimama na barua zako zote. Akamwomba mkalimani asome ile ya Machi, duka linakwenda vizuri, sare zimejaa, Baba ni mzima wa afya. Kisha ile ya Julai, inayosema Machi hiyo duka lilikuwa majivu na mkono wa Baba umevunjika. Wakili akasema, "Mheshimiwa, kwa watu hawa salama ni mlango wa kuingilia maneno. Afisa alimsikia mteja wangu akibisha hodi, akaondoka kabla mlango haujafunguliwa." Jaji akachukua barua ya Machi, akaishika muda mrefu, akauliza kama aliyeiandika bado anashona. Nikasema, "Kwa mkono, jikoni." Akaandika.

Kwa hiyo usijutie hata moja. Zile ulizoandika ukiwa unajikaza ndizo zilizothibitisha ile uliyosema kweli.

Jibu lilisomwa baada ya siku tano. Nilipotoka pale, nikakuta chama kizima kwenye korido. Hawakuruhusiwa kuingia, wamesimama kando ya ukuta mmoja nyuma ya mwingine, mpishi bado na aproni, kinyozi, fundi umeme, yule mama mwenye mtoto mgongoni, na Mama Foleni mbele kabisa na raba zake. Wamejipanga foleni! Hakuna aliyewaambia, na hakukuwa na dirisha lolote mbele yao. Nikapita kwa kila mmoja, nikampa mkono. Sikuinamisha kichwa hata kwa mmoja, na nilimshukuru kila mmoja kwa maneno. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kufanywa pamoja.

Jumapili nitakuwa kwa kinyozi mapema. Nina ramani mpya ya kuchora, mahakama imehamishia mlango wake upande wa pili.

Mwambie Baba mawe yapo. Najua anajua. Mwambie tena.

Futi wenu

*

26 Septemba

Mwanangu Futi,

Marahaba, marahaba, marahaba, moja ya Agosti na mbili za akiba. Barua yako imesomwa kwa sauti jikoni, halafu kwa mjane, halafu mwalimu mkuu akaichukua na hajairudisha, anasema anakagua nukta.

Nikupe habari zetu, na mara hii nazipanga zote, nzuri na mbaya, uchague mwenyewe. Duka bado halipo. Bwana Uzio bado yupo, bado mnene. Lakini wifi nimemwambia juzi kwamba sijashiba, akacheka mpaka akakaa chini, akaniongezea. Na watu wa mtaa wa chini wameniletea cherehani. Kuukuu, inapiga kelele kuliko mashine zenu za hospitali, na inavuta upande wa kushoto. Ilikuwa ya marehemu mume wa muuza mitumba. Zamani ningewaambia asanteni, ninayo. Safari hii nimeipokea kwa mikono miwili, na nimeiweka dirishani kwa wifi. Wateja wawili wameshakuja, mmoja amenenepa baada ya kupimwa.

Mwambie Mama Foleni namsalimu. Mwambie pia kwamba raba si viatu vya mahakamani. Anitumie kipimo cha mwili wake kupitia dereva, nimshonee gauni la kesi ijayo, maana najua ataisindikiza. Wewe ndiye utakayempima, na usilie akikataa kusimama wima.

Ningeandika zaidi, lakini Baba yako amenisimamia hapa tangu asubuhi, ananihimiza nimalize. Amekuwa akijifungia na daftari la mtoto wa wifi, anafanya mazoezi kwa mkono wa kushoto, na amemfukuza kila mtu mezani, mimi nikiwemo. Herufi zinakwenda zinakoenda, usimcheke. Nimemwambia nimuandikie mimi, amesema ameshaandikiwa vya kutosha. Namwachia kalamu.

Shangazi yako

Futi. Huku sote salama. Mara hii ni kweli. Baba.